Alama Kumi na Moja

Siku afisa wa ustawi wa jamii alipokuja kupima madhara, nyumba ya Dobi haikuwa na dhara hata moja. Sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa brashi ya makoti. Kitambaa cha meza kilitiwa wanga mpaka pembe zake zikasimama zenyewe. Vikombe viwili vizuri viliazimwa kwa jirani, na jirani akaambiwa kuna mgeni wa heri. Hata mgonjwa mwenyewe alikuwa ameoga, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Afisa alikuwa mwanamke, na kama angekuwa amekuja kutafuta mume, angeona amefika.

Dobi alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza ndani ya karai. Mtaani hakuna aliyekumbuka jina lake. Mwanawe wa pekee walimwita Mstari, kwa sababu ya ile mistari ya suruali aliyoipiga pasi, ambayo watu walisema unaweza kukatia mkate. Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa. Miaka sita sasa alikuwa anavuta unga, ingawa ndani ya nyumba neno hilo halikutajwa. Walisema "hali yake." Hali yake leo si mbaya. Hali yake jana, tumshukuru Mungu tu.

Siku kumi kabla ya ujio wa afisa, mke wa Mstari alimkuta mumewe ameanguka chooni, midomo imekuwa rangi ya jivu. Walimpiga makofi, wakammwagia maji, akarudi. Siku ya tatu alimwambia mama yake maneno ambayo mama huyo alikuwa ameyaombea miaka yote sita: "Mama, nimechoka. Nitafutieni pa kwenda."

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu. Kituo cha matibabu kilichokuwa cha bure kilipokea watu kumi na wawili kila baada ya miezi mitatu, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Awamu nyingine Mstari asingeifikia. Wote watatu walilijua hilo, kila mmoja kwa nafsi yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Mama, nina maswali kumi na mawili," afisa alisema akifungua faili. Viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja, na ile ilikuwa nyumba yake ya tano tangu asubuhi. "Kila jibu nalitia alama, kuanzia sifuri mpaka nne. Naomba unijibu kama ilivyo."

"Uliza tu, mwanangu. Hapa hatuna la kuficha."

"Kuna vitu vya ndani vimepotea kwa sababu ya matumizi yake?"

Ukutani, juu ya kichwa cha afisa, palikuwa na mraba mweupe ulioachwa na televisheni. Dobi hakuutazama. "Vitu huchakaa, mwanangu. Vingine tuliviuza. Maisha yenyewe unayaona."

"Amewahi kuchukua mali ya mtu mwingine?"

"Huyu? Nimemlea mimi huyu."

"Amewahi kumpiga mtu? Wewe, au mkewe?"

Mke alikuwa amesimama karibu na mlango wa uani. Aliushusha mkono wa blauzi yake ukafika kwenye kifundo. Dobi akacheka kidogo, kicheko cha ukumbini. "Wanabishana kama vijana wote. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana."

"Kazi yenu ya udobi imeathirika?"

"Kazi imeshuka kila mahali. Siku hizi watu wana mashine."

"Na pesa ya kununulia anaipata wapi?"

"Anapewa na marafiki."

"Bure?"

"Si ndiyo maana wanaitwa marafiki?"

Afisa aliandika. Akamgeukia Mstari, naye Mstari akamtazama mama yake kwanza, kama mtoto anayeulizwa umri na mgeni, kisha akasema anatumia kidogo tu. Akamgeukia mke. Mke alikuwa na mengi, lakini mkwe hamkatizi mama mkwe mbele ya mgeni, tena mgeni wa serikali. "Mama ameshasema," alijibu.

Afisa akajumlisha kwa ncha ya kalamu, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. "Kumi na moja," alisema. "Saba kati ya hizo ni za maswali ya afya, kifua chake na ile siku aliyoanguka. Wanaoingia kituoni wana ishirini na kuendelea."

Dobi alikuwa amezoea tangu utotoni kwamba makosa machache ndiyo ushindi, na sasa alikuwa akiambiwa ameshindwa kwa kuwa msafi.

"Basi ongeza, mwanangu."

"Fomu si mchuzi, mama, niongeze chumvi." Afisa alifunga faili, akasimama, kisha akaketi tena, maana alikuwa ameona mraba ule ukutani, na alikuwa ameuona mkono wa blauzi. "Kwa karatasi hii mwanao ana nafuu kuliko mume wangu anayekunywa bia. Sikiliza. Sheria inaruhusu kupimwa mara ya pili. Alhamisi, saa tatu, ofisini kwangu. Lakini mje na mtu wa nje, si ndugu, aliyedhurika na matumizi ya huyu kijana, aseme kwa kinywa chake. Bila huyo siwezi kulifungua faili lililofungwa."

Alipoondoka, chai yake ilikuwa imebaki nusu. Mstari aliinywa yeye.

* * *

Shuka kubwa halikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja hushika huku, mwingine kule, wakazungusha kinyume mpaka maji yaishe. Mchana ule Dobi na mkwe wake walikuwa na mashuka kumi na manane ya nyumba ya wageni, na kwa hiyo hata kama hawakupenda kutazamana, ilibidi watazamane.

"Mama, naomba radhi, lakini leo nitasema," mkwe alianza kwenye shuka la tatu.

"Sema."

"Umemjibu yule dada kama unavyowajibu majirani."

"Nijibuje? Nimwambie mtu baki kwamba mwanangu ni mwizi?"

"Ndiyo, mama. Ndicho alichokuja kukiuliza."

Dobi akazungusha upande wake kwa nguvu, maji yakamwagikia miguuni mwao wote wawili. Mkwe hakuachia.

"Suti ya Mwalimu iliungua, mama?"

Mwalimu alikuwa mstaafu wa mtaa wa pili, mteja wa miaka kumi na saba, na suti ile ya kijivu aliileta ipigwe pasi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Mstari aliiuza siku hiyo hiyo. Dobi alikwenda kwa Mwalimu mikono mitupu, akamwambia ameisahau pasi juu ya suti, koti na suruali vikashika moto. Kwa dobi, kusema hivyo ni kama mpishi kukiri kwamba ametia mafuta ya taa kwenye sufuria. Lakini palikuwa na aibu mbili mbele yake, ya kazi na ya uzazi, akachagua ya kazi. Tangu siku hiyo mtaa ulijua kwamba Dobi anazeeka na macho yameingia kiza. Wateja walipungua mmoja mmoja, kwa adabu, wakisema wanafua wenyewe.

"Mimi nakaa chini ya kamba tangu nguo zinapoanikwa mpaka zinapokauka," mkwe aliendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyechoka kusimama. "Watu wanadhani nafukuza ndege. Namlinda mume wangu, mama. Mwaka wa pili huu nalinda nguo za watu zisiibwe na mume wangu. Na mkono huu si mlango ulionibana, unajua."

"Najua."

"Ningeshaondoka. Kaka yangu kanifuata mara tatu. Kinachoniweka ni zile asubuhi. Kuna asubuhi anaamka mzima, anashika pasi, ananitania, ananiuliza nimeota nini. Nasema huyu hapa, mume wangu yupo, hajafa. Najua akijitahidi anaweza. Zile asubuhi ndizo zinazonilisha."

Dobi aliliinamia karai akatafuta shuka jingine, akakawia kulipata. Kuhusu zile asubuhi, alikuwa na la kusema, na lilikuwa baya kuliko suti. Hakulisema. "Shika huku," alimwambia, wakaendelea kukamua.

* * *

Jumanne, katika kutafuta shahidi, Dobi alianzia mgahawani. Mwenye mgahawa alikuwa mama mnene mwenye kalamu sikioni, na miaka miwili nyuma alikuwa amepoteza aproni kumi na mbili kwenye kamba ya Dobi. Hakumkaribisha kiti. Alimweka kwenye mlango wa jikoni, wahudumu wakipita na sahani, kila mmoja akisema "samahani, mama" mpaka Dobi akajibana ukutani kama ufagio.

"Zile aproni hazikuchukuliwa na upepo," Dobi alisema.

Mwenye mgahawa alicheka mpaka kalamu ikadondoka. "Dobi wewe! Upepo gani unaochukua aproni kumi na mbili ukaacha vibanio? Nilijua siku ile ile. Niliziona zimevaliwa na wauza samaki."

"Basi njoo unisemee Alhamisi. Dakika kumi tu. Ataingia kituoni."

Kicheko kikaisha. "Hapo hapana. Nakuonea huruma, tena sana, lakini jina langu lisiandikwe kwenye karatasi ya mateja wa unga. Wakijua nimewasema wenzao watanivunjia vioo. Na wateja wangu hula kwa macho kwanza." Alimfungia mkate kwenye gazeti, akamtia mkononi. "Ukitoka pitia nyuma, ndugu yangu. Mbele kuna wageni."

Dobi alipitia nyuma, kati ya mapipa ya taka. Mkate aliula njiani, kwa sababu alikuwa na njaa, na njaa haina habari na heshima.

Kwa Mwalimu alifika jioni ya Jumatano, baada ya kuupita mlango ule mara mbili. Mwalimu alifungua akiwa na miwani puani na sweta lililochakaa viwiko. Hakusogea kumpisha.

"Kama ni nguo, sina," alisema.

"Si nguo, Mwalimu. Ni suti yako."

"Hiyo tulishaimaliza. Iliungua."

"Haikuungua." Alikuwa amejiandalia maneno mengi, ya kuzunguka, na yote yakamkimbia. "Mwanangu aliiuza. Anavuta unga. Kwa pasi sijaunguza nguo hata moja maisha yangu yote."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na darasani wanafunzi walikuwa wakimwogopa zaidi anaponyamaza.

"Lini ilikuwa?"

"Mwaka mmoja na miezi minne."

"Kwa mwaka mmoja na miezi minne nimewaambia watu wangapi kwamba wewe huna jicho tena?"

"Wengi."

"Shule ya wasichana waliniomba niwashuhudie kazi yako, wakupe sare za bweni. Nikawaambia wasithubutu. Ulipata habari?"

"Nilipata."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema nini, Mwalimu? Uchungu wa mwana—"

"Usinisomee methali, nimezifundisha miaka thelathini na sita!" Alikuwa amepandisha sauti, na dirisha la jirani likafunguka. Hakujali. "Ungesema ukweli, ningemchukia mwizi. Mwizi nina haki ya kumchukia. Umenifanya nimpakaze mtu asiye na kosa, mtaa mzima, kila aliyeniuliza, na nikajiona mkweli. Suti ni kitambaa. Hili utanilipa kwa sabuni gani?"

Dobi hakuwahi kufikiri kwamba uongo wake ulikuwa umemdhuru mtu mwingine zaidi yake. Alikuwa ameuhesabu kuwa mzigo wake, akajisifu kimoyomoyo kwa kuubeba. Alimweleza tu kuhusu Alhamisi, saa tatu, mahali ofisi ilipo.

"Nitafikiri," Mwalimu alisema, akafunga mlango.

* * *

Kila asubuhi kabla maji ya kwanza hayajachemka, Dobi alikuwa akitoka na kikapu kana kwamba anakwenda kununua mkaa. Nyuma ya karakana ya magari palikuwa na kijana mmoja mpole sana, mwenye salamu nzuri, aliyempokea pesa na kumpa kete ya unga iliyofungwa kwa nailoni ndogo kama punje ya mahindi. Alimwita "mama yangu." Siku moja alimbebea kikapu. Dobi akirudi aliiweka kete ile chini ya sufuria ya wanga, na Mstari akaamka, akaichukua, akaenda chooni. Nusu saa baadaye alitoka mzima, anashika pasi, anamtania mkewe. Hizo ndizo asubuhi.

Alhamisi Dobi hakwenda. Mstari aliinua sufuria ya wanga, akaiweka chini, akaiinua tena.

"Mama. Hujaenda?" alinong'ona, maana mkewe alikuwa uani.

"Siendi leo."

"Utaniua."

"Jumatatu nilikuonyesha kwa yule afisa ukiwa bwana harusi. Leo akuone."

"Nusu basi. Mama, nusu tu, niweze kutembea."

Alimshika pindo la kitenge kama alivyokuwa akilishika akiwa na miaka mitatu, na Dobi alilia, akalia kabisa, huku akivivuta vidole vile kimoja kimoja. Kuambiwa hapana na mama hakujawahi kumgharimu mtu yeyote kama kuisema hapana hiyo kulivyomgharimu mama huyo.

Ofisini palikuwa na benchi refu ukumbini. Walipoketi, watu waliokuwapo walisogea, kwanza kidogo, halafu wakasimama kabisa wakasema wanapenda kunyoosha miguu. Arosto, ule ugonjwa wa kukosa unga, ilikuwa imemshika Mstari barabara. Alitoka jasho akitetemeka kwa baridi, kamasi zikimtiririka, akikunjwa na tumbo. Alitapika kwenye pipa la karatasi. Karani alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mwenye mgonjwa huyu ndiye atasafisha," na mkwe akaenda kutafuta maji.

Saa tatu ilifika bila Mwalimu. Saa tatu na nusu afisa alichungulia, akatazama saa yake, akarudi ndani. Saa nne kasorobo Mwalimu aliingia, fimbo mkononi, hakumsalimia mtu. Aliyakwepa macho ya Dobi, akasimama mbele ya Mstari.

"Nilikufundisha darasa la nne," alimwambia. "Ulikuwa na mwandiko mzuri."

Mstari alijaribu kusimama kwa heshima, akashindwa.

Ndani ya chumba, Mwalimu alisema yake kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe. Alisema suti, akasema harusi aliyoisindikiza akiwa na sweta, akasema jinsi alivyolichafua jina la mama huyu kwa watu wasiopungua ishirini na kwa shule moja. "Na hilo liandike pia kuwa dhara," alisema. "Limenipata mimi." Afisa akaandika.

Kisha maswali yakaanza upya. Safari hii Dobi alijibu akitazama meza. Televisheni, ndiyo. Redio, magodoro mawili, pete ya marehemu. Mali za wateja, ndiyo, na akazitaja nguo kwa majina ya wenyewe, maana dobi hasahau nguo. Kumpiga mkewe, ndiyo. Kazi, ndiyo, imekufa. Kila "ndiyo" ilimtoka kama jino, na kila moja Mstari aliisikia akiwa kwenye kona, kichwa katikati ya magoti. Hakubisha hata moja. Mkwe aliombwa avute mkono wa blauzi, akauvuta.

"La mwisho," afisa alisema. "Pesa ya kununulia anaipata wapi?"

Kwa hesabu alizokwisha kuandika, walikuwa wamevuka ishirini zamani. Dobi angeweza kusema marafiki, na mambo yakaisha vizuri. Aliitazama kalamu ya afisa. Alitazama mgongo wa mwanawe ukitetemeka.

"Mimi," alisema.

"Anakuibia?"

"Hapana. Namnunulia. Naenda mwenyewe, kila asubuhi, nakuja nayo. Mwaka wa nne huu."

Kalamu ilisimama.

"Nilisema bora nimpe mimi, asiibe, asipigwe na watu barabarani. Nikampa, na bado akaiba. Ilikuwa haimtoshi. Lakini asubuhi alikuwa anatulia. Anafanya kazi kidogo. Nilikuwa naye kidogo."

Mkwe alikuwa ameketi karibu naye, bega kwa bega, kama wanavyokaa kwenye karai. Aligeuka taratibu.

"Asubuhi zile, mama?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Zote?"

"Zote."

Mkwe alinyanyuka. Hakupiga kelele, hakuubamiza mlango. Alitoka tu, na kupitia dirishani wakamwona anavuka ua, anafika kwenye bomba, anafungua maji, anayaacha yakitiririka bila kunawa. Mwalimu alitoa leso, akampa Dobi, bila kumtazama bado.

"Ana alama thelathini na nne," afisa alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anaingia Jumatatu. Mpaka hapo mpelekeni hospitali, nitawaandikia barua, wampunguzie haya maumivu. Lakini mama, nikueleze jambo. Mlezi wake wa kutia sahihi hawezi kuwa wewe. Kituo hakimruhusu aliyekuwa akimpa mgonjwa unga kupita getini kwa siku tisini. Si sheria yangu."

"Ningekaa kimya ningeruhusiwa?"

Afisa alifikiri kama amdanganye. "Ndiyo," alisema. "Ungeruhusiwa. Na ungempelekea, mama. Wiki ya kwanza wanalia sana."

Dobi aliitikia kwa kichwa. Alijijua.

Mkwe alirudi baada ya robo saa, uso mkavu. Hakuketi tena pale alipokuwa ameketi. "Nipe hiyo kalamu," alimwambia afisa. Alisaini sehemu tatu, akauliza tarehe, akaandika tarehe.

"Hii ni ya siku tisini," alisema, akiongea na karatasi. "Baada ya hapo nitaona."

* * *

Jumatatu walikwenda wote watatu. Mwalimu alikuwa ametuma begi dogo la safari, tupu, bila maneno, na wakalitia mashati manne na mswaki. Njia nzima mkwe alitembea upande wa pili wa mumewe. Alikuwa akizungumza na Dobi mambo ya kazi tu: mashuka yamekauka, sabuni imebaki nusu mche. Usiku alikuwa analala akiwa amegeukia ukuta, na hakuna ajuaye, hata yeye, kama alikuwa akihesabu siku za kukaa au za kuondoka.

Kituo kilikuwa nyumba ndefu nyuma ya geti la bati la kijani. Hospitali ilikuwa imempa Mstari dawa, alikuwa amesinzia-sinzia, lakini alisimama kwa miguu yake. Alimwinamia mama yake akaweka paji la uso begani kwake.

"Nguo za watu zitapigwa pasi na nani, mama?"

"Nilishika pasi kabla hujazaliwa. Nenda."

Mlinzi alikuwa mzee mfupi mwenye daftari. Alisoma karatasi, akaandika jina la Mstari, akaandika la mke, akawasogezea geti wakapita. Karatasi haikuwa imemtaja mtu mwingine yeyote. Geti lilibaki wazi, na Dobi aliweza kuiona njia ya kokoto, na mgongo wa mwanawe, na begi.

"Na wewe, mama, ni nani yake?" mlinzi aliuliza, kalamu tayari.

Neno "shangazi" lilikuja lenyewe, jepesi, lililozoea kazi. Lilifika mpaka kwenye meno. Mashangazi walikuwa wakiingia, mlinzi asingeuliza zaidi, na Mstari alikuwa bado hajafika mlangoni.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia," Dobi alisema.

Mlinzi hakushtuka wala hakuandika. Alilivuta geti likajifunga taratibu, kisha akamwonyesha kwa kalamu benchi lililokuwa kivulini, upande wa nje wa ukuta. Palikuwa na wanawake wanne wa umri wake, vikapu miguuni, na mzee mmoja aliyeshika kofia yake magotini.

"Kaa pale, mama, na wenzio," alisema.

Walisogea, wakampa nafasi.